Sehemu ya Tisa: Eleza kwa Maneno Yako

Fomu ina kurasa kumi na nne.
Ya kwanza ilitaka jina, nikalitoa:
Verlyn Haugstad, tabibu wa uti wa mgongo,
Moorhead, Minnesota,
theluji imefika kizingiti cha dirisha.
Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinapepesuka
kama ndama anayejifunza kusimama.

Unaweza kuinua kilo ngapi?
Hakuna kisanduku cha kusema
kazi yangu haikuwa kuinua.
Ilikuwa kusikiliza kwa kidole gumba:
kiganja chini ya kisogo cha mtu,
kumwambia atoe pumzi, kungoja
hadi pingili ya tatu ya shingo ikiri yenyewe
kwamba imepotea njia,
kisha msukumo mmoja, mfupi kama kukonyeza,
ta!
na mtu anacheka bila kujua anacheka nini.

Miaka ishirini na sita.
Wakulima wa kiazisukari, madereva wa malori ya nafaka,
mpiga kinanda wa kanisa la Kilutheri na bega lake la ukaidi.
Niliwanyoosha. Shingo yangu ikalipa riba.
Dokta Ruud ameniwekea picha kwenye mwanga:
mshipa umebanwa, pingili ya tano na ya sita,
palepale nilipokuwa nawagusa wengine
nikiwaambia, hapa, si ndiyo?

Mganga hajigangi, sawa.
Hakuna aliyenionya
kwamba fomu pia hazimhurumii.

Tarehe ulemavu ulipoanza.
Ipi?
Jumanne ile Bi. Ostby alipolala kifudifudi,
nikagusa mgongo wake nisikute kitu,
si mfupa, si joto, ganzi tupu,
kama kugusa picha ya mtu?
Nilimwambia leo barafu inatosha. Sikumtoza.
Au miaka minne kabla, kikombe kiliponiponyoka
nikaulaumu mpini?
Wakili amenijibu kwa simu, akitafuna kitu:
"Andika siku uliyoacha kazi,
si siku uliyoanza kuogopa."

Na kuna neno, ukurasa wa kumi na moja wa mkataba,
nililolitilia sahihi nikiwa na miaka thelathini,
nikiwa na haraka ya kwenda kuvua samaki kwenye barafu.
Miezi ishirini na minne watanilipa
kwa kuwa siiwezi kazi yangu.
Baada ya hapo neno linageuza koti:
hulipwi kama unaiweza kazi yoyote.
Yoyote. Kukata tiketi. Kulinda lango.
Nimekaa na neno hilo jikoni
hadi kahawa ikaota utando.
Ardis, mke wangu, akaimwaga, akanimiminia nyingine,
akasema, "Kazi yoyote, basi waje wafanye hii ya kukuvalisha soksi."

Gari la kijivu lina siku ya tatu ng'ambo ya barabara.
Kijana ndani, kamera mapajani, mkate wa nyama mkononi.
Amenipiga picha nikimwaga chumvi kwenye ngazi,
kikombe kimoja kimoja, kwa kushoto.
Mwache. Naye ana bosi.
Lakini mimi nami nimemtazama
kupitia pazia, kwa siku tatu hizo,
na kichwa chake kinalalia kulia,
bega limepanda kulifuata sikio,
na akigeuka anageuka kiwiliwili chote
kama kabati.

Jioni nilivaa buti, nikavuka.
Aliteremsha kioo nusu.
Nikamwambia, "Sogeza kiti mbele vidole vinne.
Toa pochi mfuko wa nyuma.
Usipofanya hivyo, ukifika arobaini
utakuwa unajaza karatasi."
Hakusema neno. Mkono wangu wa kulia
ulikuwa umeshanyanyuka nusu kuelekea shingo yake,
wenyewe, kwa mazoea; nikaurudisha mfukoni.

Nilivuka barabara kurudi, taratibu, bila kuteleza.
Kwenye kamera yake
nitaonekana mzima.

Sehemu ya tisa bado iko wazi.
Wameacha mistari minne.